Mzee Tharsisi na Kikombe Kisichoonjwa

Mzee Tharsisi wa Mabamba hakuwa mtu wa kunywa kitu ambacho mwingine hajakionja. Ukimkaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, hata kama umeichota mtungini mbele ya macho yake, alikukazia macho mpaka upige funda lako, ulimeze, na koo lako lionekane limemeza. Tusimwonee, hiyo ni desturi ya Waha tangu zamani: mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo mgeni apokee. Lakini wenzake waliifanya kwa adabu, huku wanacheka na kuulizana habari za mvua. Tharsisi aliifanya kama askari wa mpakani aliyeambiwa kuna magendo kwenye mzigo.

Hata nyumbani kwake, jamani! Theodosia, mkewe, alionja chai, akaonja mchuzi wa maharage, akaonja hadi maji ya kunywa.

"Siku nikitangulia mimi, sijui utakula kwa nani, Baba Athanase," alikuwa akimwambia.

"Nitakufa njaa," mzee alijibu, "lakini nitakuwa nimependa mwenyewe."

Usimcheke haraka. Alipokuwa kijana, kaka yake alikwenda kwenye sherehe kwa jirani mmoja, mama Apoline, ambaye rubisi yake ilisifika hadi Gwarama. Kaka alirudi akishika tumbo. Kulipokucha tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, haupiti upepo wala choo, na juma halikwisha kabla hawajamzika. Watu wakasema ni uburozi, ametiliwa sumu. Apoline alilia, "Mimi nimfanyie hivyo, mimi niliyempikia kwa mkono wangu?" akaapa kwamba alionja mbele ya watu wote. Wakamjibu kwamba funda la kwanza si ushahidi, mrozi hodari huiacha sumu yake itulie chini ya chombo. Wakamfukuza. Akavuka mpaka kwenda Burundi na mtungi wake kichwani, na hakuonekana tena. Tangu hapo Tharsisi akawa mtu wa kuangalia makoo ya watu.

Kazi yake ilikuwa kurina asali, na aliipenda kwa sababu hiyohiyo. Nyuki hana unafiki, alikuwa akisema. Nyuki akikuchukia anakuuma papo hapo, hakuchekei kwanza.

Sasa, mzee huyu alikuwa na mtoto wa kiume, Athanase, aliyekwenda Kasulu kuuza asali ya baba yake. Huko akampenda Zuhra, binti wa mwenye duka la vitambaa, watu wenye ndugu mpaka Pwani. Akasilimu ili amwoe, akaitwa Abbasi. Siku ya harusi mzee alikaa pembeni na soda ambayo hakuifungua. Lakini alipofika nyumbani alimwambia Theodosia, "Mtu anayeweza kumbadilisha mwanao jina, hashindwi kumbadilishia na uji."

"Hivi wewe una roho ya namna gani?" Theodosia akamuuliza. "Binti wa watu kakukosea nini?"

"Bado hajanikosea. Ndiyo maana namwangalia."

Miaka kama miwili iliyopita, utumbo wa mzee ulijisokota. Alipelekwa Kasulu hoi, akapasuliwa, kipande kilichooza kikakatwa, na ncha mbili zilizobaki zikaungwa. Alipotoka hospitalini alilazwa nyumbani kwa Abbasi mpaka apate nguvu. Zuhra ndiye aliyempikia uji, akamwinua kichwa, akamnywesha kwa kijiko. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, na kweli Tharsisi hakuulizwa. Hakuwa hata na nguvu ya kusema "onja kwanza." Alikunywa uji wote ule bila kumwona mtu akiumeza kabla yake.

Na jambo hilo ndilo lililomtafuna. Maana alirudi Mabamba amepona, akapanda tena kwenye mizinga yake, na baada ya miezi tumbo likaanza upya. Lilijaa upepo, likanguruma. Choo kikawa chembamba mithili ya kalamu, kisha kikawa cha mbuzi, kisha kikawa cha kuombewa. Akawa anakula kidogo kama ndege na bado anashiba mpaka shingoni. Mashavu yakaingia ndani. Mzee akakaa na hesabu zake, akaona jibu ni moja tu: uji wa Zuhra. Alitiliwa kitu cha kuua polepole.

Abbasi alipopiga simu kusema kuna madaktari bingwa wamekuja Kasulu kwa siku chache na wana mashine ya kutazama utumbo bila kupasua, mzee alikataa. Theodosia akamnyang'anya simu. "Anakuja," akamwambia mwanawe. "Hata kama ni kwa kumfunga kamba, anakuja."

Alikwenda. Alikwenda na dumu la maji ya kwake na fungu la viazi vya kuchemsha ndani ya kitambaa, kama mtu anayevuka jangwa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Zuhra alimpokea mlangoni kwa magoti, mtandio umemkaa vizuri.

"Shikamoo, Baba. Pole na safari."

"Marahaba," mzee akasema, akaliweka dumu lake chini ya kitanda na viazi juu ya mto.

Hospitalini alikutana na Dokta Mwajabu, mama mfupi mwenye miwani, mwenye haraka lakini si mkali. Alimpapasa tumbo, akatazama picha zake, akamweleza pole pole. Pale utumbo ulipoungwa palipona kwa kovu, na kovu hujikunja. Njia iliyokuwa pana sasa imebaki tundu.

"Kovu hilo linaletwa na nini?" mzee akauliza.

"Na kupona, mzee. Kwa watu wengine kidonda kinapopona hukaza sana."

"Si kitu alicholishwa mtu?"

Dokta akamtazama juu ya miwani. "Hapana. Sumu gani itakayopita tumbo zima, ikakae kwenye mshono tu?"

 Moyoni mzee alisema, huyu kasoma, lakini uburozi hawafundishi shuleni.

"Tutapitisha mpira mwembamba wenye kamera," dokta akaendelea. "Tukifika kwenye kovu, tunapenyeza puto dogo, tunalijaza maji taratibu, linatanua njia. Hakuna kisu. Tunaingilia njia ya haja kubwa."

"Ya nani?"

"Yako, mzee wangu."

Abbasi aliinamisha kichwa akijifanya anafunga kamba za viatu. Mzee alihisi joto limempanda mpaka masikioni. Umri wote ule analinda mlango wa mbele, kumbe adui yuko mlango wa nyuma! Akauliza kama hawawezi kupitia mdomoni. Dokta akasema ni mbali mno. Kisha akavua miwani.

"Nisikilize. Njia hii ikiziba kabisa, itabidi upasuliwe tena, na kwa ulivyokonda siwezi kukuahidi kwamba utaamka. Hii ya puto ndiyo nafasi nzuri uliyo nayo. Lakini lazima utumbo uwe safi. Utakunywa dawa hii ya unga iliyochanganywa na maji, jagi baada ya jagi, polepole, na usile kitu. Ukitapika au maumivu yakizidi, uache urudi mara moja. Tutakuona kesho asubuhi. Keshokutwa ndiyo siku yetu ya mwisho, tunafungasha."

Kwa hiyo alasiri ile Zuhra alichanganya dawa kwenye jagi, akaileta na kikombe kwenye kisahani, akapiga goti. Mzee akalitazama lile jagi. Maji meupe kidogo, yana harufu ya limau. Mtu anakufunikia sumu kwa limau, alifikiri, wewe unaona ukarimu.

"Onja," akasema.

Zuhra akashtuka. "Baba, nimefunga."

"Sisi kwetu mwenye nyumba huonja."

"Najua, Baba. Abbasi aliniambia. Lakini ni mchana wa Ramadhani." Akafikiri kidogo. "Kwa dharura naweza kugusisha ulimi, halafu niteme. Hapo saumu yangu haiharibiki."

"Anayetema," mzee akasema, "anajua anachotema."

Ah! Maneno mengine bora mtu akupige kofi. Zuhra alikaa na goti lake chini, midomo ikimcheza. Halafu akainuka taratibu, akasema, "Dawa yako hiyo, Baba," akatoka. Mzee akamwona amekataa, na akaona kesi imekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Akachukua jagi, akazunguka nyuma kwenye choo, akaimwaga dawa yote shimoni. Akarudi akanywa maji ya dumu lake. Zuhra alileta majagi mengine, nayo yakaenda njia ileile. Na viazi viwili akavila chini ya shuka, kwa siri, kama mtoto.

"Umemaliza, Baba?" Abbasi akauliza jioni, baada ya kufuturu.

"Nimemaliza."

Asubuhi mpira uliingia, na haukufika popote. Dokta Mwajabu aliutoa, akavua glavu kwa hasira.

"Mzee, ulikunywa dawa?"

"Nilikunywa."

"Unaweza kunidanganya mimi. Utumbo haudanganyi. Sioni kitu humu ila uchafu." Akamgeukia Abbasi. "Kesho, au basi. Leo anywe na mtu akimwona anakunywa."

Abbasi alirudi nyumbani amefura. Hakumgombeza baba yake, angewezaje? Hasira zote akamshushia mkewe. "Uliichanganya vipi? Karatasi ina maelezo, umeshindwa kusoma? Unataka baba yangu afe?"

Mzee alikuwa amekaa kitandani, anasikia kila neno. Alingoja Zuhra amtaje. Maana asubuhi ile alipokwenda chooni alimkuta Zuhra ameshafika pale na ndoo ya maji, anaosha madoa meupe kwenye sakafu, na macho yao yalikutana. Alijua. Lakini Zuhra alisema tu, "Nisamehe, leo nitaichanganya vizuri zaidi," na Abbasi akaondoka kwenda dukani.

Hapo ndipo mzee alipoogopa hasa. Mtu anayebeba kosa lako bila kudai kitu, anataka nini? Aligeuza na kugeuza, hakupata. Na tumbo nalo siku hiyo lilikuwa limechachamaa, linamkata mpaka jasho linamtoka.

Alasiri Zuhra aliingia. Safari hii alikuwa na jagi moja na vikombe viwili. Hakupiga goti. Alikaa kwenye mkeka mbele ya kitanda, akamimina vikombe vyote viwili kutoka jagi lilelile, sawasawa. Nje jua lilikuwa bado juu na watoto wa madrasa wakipita na juzuu zao.

"Baba," akasema, "nilikuona jana ukimwaga."

Mzee akalisukuma dumu lake ndani zaidi kwa kisigino.

"Ningeweza kukusema. Abbasi angepiga kelele, wewe ungechukua dumu lako ukaondoka. Ukiondoka, utumbo unaziba, unakufa. Na ukifa, nani atakuwa amekuua?" Akajigusa kifua. "Mimi. Huko Mabamba watasema ni mimi, na sitakuwa na mpaka wa kuvuka. Habari za mama Apoline nilishaambiwa."

Kisha akasema "Bismillahi," akainua kikombe, akanywa chote mpaka tone. Mchana kweupe, mwezi wa Ramadhani, mwanamke ambaye hajawahi kula siku moja ya mwezi huo pasipo udhuru. Akafungua mdomo, akamwonyesha ulimi na koo, kama mtoto anayemeza kidonge cha malaria.

Mzee akachukua kikombe chake. Akakinusa. Na utaamini? Akakaa nacho mkononi, anatazama jagi. Zuhra hakungoja aseme.

"Najua. Funda la kwanza si ushahidi."

Akajimiminia cha pili, akanywa. Ndipo mzee akanywa cha kwanza. Kilikuwa kama maji ya bahari yaliyokamuliwa limau. Kikombe kwa kikombe wakaenda hivyo, yeye mbele, mzee nyuma, mpaka jagi lile likaisha na Zuhra akalipindua kuonyesha kwamba hakuna kilichotulia chini. Majagi yaliyofuata mzee aliyanywa peke yake, Zuhra akisimama mlangoni.

Lakini dawa haijui nani mgonjwa na nani shahidi. Haikupita muda mrefu tumbo la mzee likapiga kelele, akashika ukuta kuelekea chooni. Alipokuwa ndani akasikia mlango unagongwa kwa nguvu.

"Baba! Baba, nipishe!"

"Mimi ndiye mgonjwa!"

"Na mimi ndiye mwonjaji! Nipishe, nakuomba!"

Alitoka anashikilia suruali, Zuhra akaingia kama upepo. Wakapishana hivyo hadi magharibi. Mara ya ngapi sijui, walipokutana mlangoni wote wawili wamelegea, Zuhra alicheka, akacheka mpaka akakaa chini, na ghafla kicheko kikageuka kilio. Mzee alisimama juu yake, hajui aweke wapi mikono. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye kwa mara ya kwanza alianza kuwaza kwamba huu ulikuwa ung'ongo tu.

Abbasi alirudi, akamkuta mkewe anakunywa maji kabla ya adhana.

"Zuhra! Umefungua?"

"Nimefungua."

"Kwa nini?"

Zuhra akamtazama mzee. "Baba hapendi kunywa peke yake," akasema.

Kesho yake mpira ulipita. Walimchoma sindano ya kumlegeza lakini hakulala kabisa, na Dokta Mwajabu akamgeuzia kioo aone. Mzee akaona handaki jekundu linalong'aa, safi kabisa, na mwisho wake kovu jeupe lenye tundu dogo katikati, kama tundu la mzinga wanapopitia nyuki. Hakuna nywele, hakuna mfupa wa chura, hakuna kitu chochote alichokuwa amekitarajia kwa muda wote ule. Puto likapenya, likajaa, likashikilia hapo. Aliuma meno. Lilipopunguzwa, lile tundu lilikuwa limechanika pembeni na kutoa damu kidogo, na mpira ukapita mpaka upande wa pili.

"Imefunguka," dokta akasema. "Kovu linaweza kukaza tena, tutarudia baada ya miezi. Kaa Kasulu kwanza. Ukiona damu nyingi, homa au maumivu makali, usingoje kuche."

"Dokta," mzee akasema kwa ulimi mzito. "Utumbo kujisokota kama wangu wa mwanzo. Mtu asipopasuliwa?"

"Tumbo linavimba, linakaza. Haupiti upepo wala choo. Anakufa kwa siku chache."

"Hata kama hajalishwa kitu?"

"Hata kama hajalishwa kitu. Hutokea tu, na wakati mwingine kwenye ukoo mmoja hutokea kwa zaidi ya mtu mmoja. Kwa nini?"

Mzee alifumba macho. "Nauliza tu," akasema, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Nesi akadhani ni maumivu.

Msidhani alibadilika siku hiyo. Mtu mzima habadiliki kama shati. Idi ikaja, pilau ikapikwa, na mzee akakaa na sahani mbele yake mpaka Zuhra alipochota kijiko cha kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii alikula, akaongeza, akapiga mbweu, na kesho yake alikwenda chooni akarudi anatabasamu peke yake.

Siku chache baada ya Idi aliona Zuhra hagusi chai ya asubuhi.

"Unaumwa?"

"Hapana, Baba. Nalipa. Ile siku yetu ya jagi."

Mzee akatazama kikombe chake. Akakisukuma. Hakukigusa tena, wala ugali wa mchana hakuula, wala maji hakunywa. Abbasi alimwambia, "Baba, wewe Mkatoliki, Kwaresima yako si hivi!" Akajibiwa kwamba kila mtu ashike tumbo lake.

Jua lilipoanza kushuka, mzee aliingia jikoni mwenyewe. Akakoroga uji, akatia asali ya mizinga yake aliyotumiwa na Theodosia. Muadhini alipoita, alikuwa ameshafika ukumbini na kikombe kwenye kisahani, mikono yote miwili. Goti lake lilikuwa na miaka mingi lakini alilikunja, akalipiga chini mbele ya mkwe wake. Abbasi akasimama mdomo wazi.

"Karibu, mama," mzee akasema. "Ufungue."

Zuhra akapokea. Akakitazama kikombe kwa muda. Akakinusa. Kisha akakirudisha polepole kwenye kisahani, akamtazama mzee usoni, wala hakucheka.

"Baba," akasema, "onja kwanza."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Tharsisi neno hilo, katika maisha yake yote. Lilimpiga kifuani. Alisikia uso unawaka, akatamani kusema, mimi? Mimi nikufanyie hivyo, mimi niliyekupikia kwa mkono wangu? Akafungua mdomo na maneno hayakutoka, kwa sababu aliyajua. Yalikuwa ya Apoline, neno kwa neno.

Akachukua kikombe. Akanywa funda, akalimeza, akafungua mdomo amwonyeshe ulimi.

"Funda la kwanza si ushahidi," Zuhra akasema, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Mzee akanywa la pili. Ndipo Zuhra akanyoosha mkono, akakitwaa kikombe, akanywa.